Tumbaku ya Kwa Kamaliza

Nasema mapema, ili mtu asije akanionea huruma ya bure: mimi ndiye niliyeiba majani. Hakuna aliyenituma. Baba hakujua, Mzungu hakujua. Dancille, aliyekaa nami bega kwa bega kwenye meza ya kukunjia, alijua akanyamaza, maana Dancille ni mtu wa kunyamaza mpaka jambo liharibike, ndipo aseme kwamba yeye aliliona zamani.

Ilikuwa mwaka 1951. Hapa Nyamitaba Mzungu mmoja alikuwa na shamba la tumbaku, kutoka bondeni hadi mgongoni mwa kilima. Tulimwita Kikohozi. Jina la kwao alikuwa nalo, refu, lakini mtu anayelima tumbaku na hawezi kumaliza maneno matano bila kukohoa, wewe ungemwitaje? Kiu yake ilikuwa kutengeneza sigari. Si zile sigara za karatasi walizovuta askari. Sigari ni tumbaku ndani, tumbaku nje, imekunjwa kwa mkono mpaka inenepe kama kidole gumba, na wakubwa wa Ulaya huivuta taratibu baada ya kula. Mbao za masanduku yake zilitoka Walikale, upande wa Buleusa, zikaja vichwani mwa watu kwa siku nyingi. Wapagazi walizitua uani wakasema hawajapata kuona moshi ukijengewa nyumba nzuri namna ile, ilhali wao wenyewe wanalala penye kuvuja.

Baba yangu, Munyakazi, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa nyumba ya kukaushia majani. Tumbaku aliijua kwa mama yake, bibi yangu Kamaliza. Bibi huyo ndiye aliyefyeka msitu kwa mikono yake, akalima kipande kimoja chini ya kilima, penye udongo mweusi usiotuamisha maji, na alipokufa alizikwa pembeni yake. Sote tulikiita Kwa Kamaliza. Upande mmoja tulipanda maharagwe na viazi, upande mwingine baba alipanda mistari michache ya tumbaku yake ya kiko. Watu kumi na mmoja tulikula kutoka hapo. Kila Kikohozi alipopanua shamba, vigingi vyake vilisogea, na mwaka ule vilikuwa vimesimama hatua thelathini kutoka kaburini.

Siku moja alimwita baba mbele ya wafanyakazi wote.

"Munyakazi, sikia. Muzungu moja ya kununua sigari atatoka Anvers, kwetu Ulaya. Kama anapenda yangu, mi nabaki na tumbako, na ile kashamba ya mama yako naacha. Kwangu haiko na maana. Kama anakataa, nang'oa yote, napanda pareto. Na pareto inataka udongo yote, mpaka kule chini kwa muto."

Baba alivua kofia akashukuru. Jioni alirudi nyumbani akiimba wimbo wa kanisani, akamwambia mama tumepona. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mjane wa mwaka mmoja niliyerudi kwetu, na nilikuwa nimejifunza kusikiliza maneno ya mwisho ya mtu. Kwangu haiko na maana. Hayo sikuyapenda, lakini sikuyatia akilini vya kutosha.

Lililonisumbua lilikuwa tumbaku yenyewe. Majani ya Kikohozi yalikuwa mapana, laini, ya kupendeza machoni, na mabaya mdomoni. Alikuwa ameyapanda bondeni kwenye maji. Ukivuta, yanachoma ncha ya ulimi, halafu yanaacha ladha ya nyasi mbichi. Baba alimwambia mara mbili. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba kitabu hakisemi hivyo. Mara ya pili aliambiwa arudi kazini. Kikohozi mwenyewe hakuweza kuonja. Kifua chake kilikuwa kimeshamfungia mlango huo. Basi tungekaa tunasubiri mtu atoke Anvers, avute mara moja, ateme, na sisi tupande pareto juu ya bibi.

Hapo ndipo nilipopanda juu ya dari ya jikoni.

Baba aliweka majani ya Kwa Kamaliza huko juu ya moshi, yamefungwa ndani ya magome ya mgomba, mengine yana miaka mitatu. Ukifungua gome, harufu inakujia ya asali na ya ngozi ya ng'ombe iliyokauka. Nilitoa mafungu mawili, nikayafunga tumboni chini ya kitenge, nikaenda kazini nikiwa na mimba ya tumbaku. Dancille aliniangalia tumbo, akaniangalia uso, akaendelea kukunja.

Wiki ile tulikuwa tumeagizwa kila mmoja atengeneze sanduku moja la sigari ishirini na tano za kuonyesha. Dancille alitengeneza zake kwa majani ya Kikohozi, tumboni mwa sigari na nje. Mimi nilichukua majani ya bibi nikayaweka tumboni, nikayafunga kwa jani la bibi, kisha nje nikavisha jani la Kikohozi, maana kwa uzuri wa kutazama lilistahili. Kichwani sigari hufungwa kwa gundi. Gundi ya Kikohozi ilitoka Ulaya ndani ya kopo, nayo ilikuwa imekauka kama jiwe, kwa hiyo tulitumia ulimi. Alikataza jambo hilo kila Jumatatu, na kila Jumatatu tulimwitikia ndiyo, Bwana. Sigari zote ishirini na tano zilipita ulimini mwangu, moja baada ya nyingine, na sikuona ubaya.

Sasa niseme kitu kimoja juu ya baba, maana bila hicho hamtaelewa. Kwetu, mtu akikupa kitu cha kunywa ao cha kuvuta, yeye anaanza kuonja mbele yako, upate kuona hakuna sumu. Hilo wanalifanya wote. Baba aliongeza la mama yake: akishaonja, anataja kitu kimetoka shamba gani, ili mgeni ajue amshukuru nani. Alifanya hivyo kwa jirani, kwa mkwe, na hata kwa Padri alipokuja kubariki nyumba. Alichukua mrija wa pombe ya ndizi, akavuta, akameza, akasema, "Hii iko ya ndizi ya nyuma ya nyumba, Padri," ndipo akampa. Nililiona jambo hili maisha yangu yote. Siku niliyoiba majani sikulikumbuka hata kidogo.

Mnunuzi alifika mwezi wa saba, mchana mweupe wa kiangazi. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye vidole vilivyogeuka manjano. Kikohozi aliweka meza barazani yenye kitambaa cheupe na maua. Baba alivishwa koti jeupe lililombana kwapani, akapewa kazi ya kuleta masanduku. Mimi na Dancille tuliambiwa tusimame mlangoni tukiwa tumenawa, maana mgeni alitaka kuona mikono inayokunja. Alikuja akaishika mikono yetu, akaigeuza juu chini kwa muda mrefu, akasema neno, na Kikohozi akacheka. Uso wangu hakuutazama.

Baba alileta sanduku la Dancille kwanza. Mnunuzi alichukua moja, akaiminya karibu na sikio, akainusa kwa urefu wake, akakata kichwa kwa kisu kidogo, akawasha. Alivuta mara tatu. Kisha akaiweka kwenye sahani polepole, namna mtu anavyoweka kijiko baada ya kuona nywele kwenye mchuzi. Alimwambia Kikohozi maneno machache, kwa adabu. Kikohozi alianza kukohoa na hakuweza kuacha.

Nilimwona baba. Alikuwa amesimama na sanduku langu mikononi, anamtazama mgeni ambaye amepewa kitu na hakukifurahia. Kwa baba hiyo ilikuwa aibu ya nyumba nzima, hata kama nyumba si yake. Nadhani alifikiri mgeni ameogopa sumu. Alifungua sanduku, akachagua sigari moja, akakata kichwa kama alivyoona, akaiwasha, akaitia mdomoni mwake.

Kikohozi alisimama, uso umekuwa mwekundu. "Munyakazi! Unafanya nini?"

Baba alikuwa amevuta, na moshi ulikuwa bado mdomoni. Niliona macho yake yanabadilika. Alivuta tena kidogo, kama mtu aliyesikia sauti nje na anataka kuhakikisha. Halafu akanitazama, na uso wake ulijaa furaha. Hiyo furaha ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilitikisa kichwa. Niliweka kidole mdomoni mbele ya watu wote. Alifikiri nacheka.

"Hii iko ya kwa Kamaliza!" alisema kwa sauti. Akaipangusa sigari kwa kiganja, akamnyooshea mgeni kwa mikono miwili. "Vuta, Bwana. Iko muzuri. Iko ya kwa Kamaliza."

Mnunuzi aliangalia ile sigari iliyotoka kwenye mdomo mweusi. Kisha akacheka, akatoa leso, akapangusa mara mbili, akaitia mdomoni.

Alikaa chini, akanyoosha miguu. Majivu yalisimama meupe, marefu, hayakuanguka. Alivuta mpaka moto ulipokaribia vidole, na hata hapo alitafuta pini akaichoma ile iliyobaki ili avute tena. Alipomaliza alimuuliza Kikohozi swali, na katika swali hilo nilisikia jina la bibi yangu, limetamkwa vibaya.

"Anauliza Kamaliza iko nini," Kikohozi alisema. Alikuwa hakohoi tena.

"Ni mama yangu," baba alisema. "Yeye njo alilima ile shamba ya chini. Bwana unaijua. Ile uliacha."

Kikohozi alimgeukia mgeni, akanyoosha mkono kuonyesha chini ya kilima. Mnunuzi akasimama ukingoni mwa baraza akatazama. Akatoa daftari dogo mfukoni, akauliza herufi, akaandika.

Baba na mimi tulirudi nyumbani pamoja. Kwenye kivuko cha kijito aliniuliza.

"Drocella. Ni wewe uliweka?"

"Ni mimi, Papa. Ile yake ilikuwa mubaya. Nilitaka muzungu apende, tubakie na shamba yetu."

"Na amependa," baba alisema.

"Amependa."

Alivuka, akanipa mkono nivuke. "Basi tumepona," akasema, lakini safari hii alisema kama anayeuliza.

Jumatatu iliyofuata vigingi vilihama, vikaingia Kwa Kamaliza. Baba alikwenda kwa Kikohozi, nami nikamfuata, maana nilikuwa na hasira na hasira hainikalishi. Tulimkuta kwenye nyumba ya kukaushia. Hakuwa mkali. Alimpiga baba begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Munyakazi, mi nilisema naacha ile shamba sababu haiko na maana. Sasa iko na maana. Yule Bwana anataka sigari ya udongo ile, ya pale tu. Wewe njo ulisema. Nakushukuru."

"Bwana, ulisema akipenda—"

"Amependa sigari yangu? Hapana. Amependa yako." Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.

Nilisema, "Kule kuko kaburi."

"Kaburi tutazungushia majani," alisema. "Hakuna mutu atakanyaga."

Akaja karani wa serikali na karatasi iliyosema ardhi ile haina mwenyewe. Ilibidi baba atie kidole kuthibitisha kwamba yeye, mwenyewe, anakubali kwamba mwenyewe hayupo. Tulipewa blanketi mbili na mfuko wa chumvi. Maharagwe yalikuwa hayajakomaa. Mama alitaka kuyang'oa hivyo hivyo, mabichi, na mlinzi akamfukuza kwa fimbo. Tulihamia mteremko wa juu penye mawe, ambapo viazi vinatoka vidogo kama macho ya mbuzi, na mwaka uliofuata njaa ilitushika vilivyo.

Dancille aliniambia kwamba hata mnunuzi angekataa, shamba lingekwenda tu, kwa pareto. Alisema kunifariji. Nilimjibu kwamba palikuwa na njia ya katikati, nyembamba: mgeni apende, na baba anyamaze. Mimi ndiye niliyeiziba, kwa kumficha. Ningemwambia tu asubuhi ile, Papa, leo usitaje shamba, angenyamaza. Mtu mwaminifu ukimwibia, unapaswa kumwonya. Baba kwa upande wake alisema kosa ni la mdomo wake. Tulinyang'anyana lile kosa kwa miezi mingi, kila mtu akivutia kwake, na hakuna aliyekumbuka kumpa Kikohozi sehemu yake.

Siku ya Bonane, mwaka mpya wa 1953, Kikohozi alituita wote barazani. Masanduku yalikuwa yamepata nguo mpya kutoka Ulaya: karatasi ya rangi juu ya kifuniko, na kila sigari imevikwa pete ya karatasi nyekundu yenye herufi za dhahabu. Masista walinifundisha kusoma, kwa hiyo nilisoma. Pete iliandikwa KAMALIZA. Juu ya kifuniko palichorwa mwanamke mweusi asiye na nguo kifuani, na mtungi kichwani. Bibi yangu alivaa gauni la misheni lililofungwa mpaka shingoni, na kichwani hakubeba mtungi wa mapambo, alibeba kuni.

"Papa," nilimnong'oneza, "wameandika jina la bibi."

"Kwa wapi?"

"Kwa kila moja."

Kikohozi alikuwa akigawa zawadi, sigari moja kwa kila mkubwa wa kazi. Makapita walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakazitia mfukoni wakauze. Ilipofika zamu ya baba, alisogea, akapokea, akaishika akaitazama ile pete asiyoweza kuisoma. Kisha akamrudishia Kikohozi kwa mikono miwili.

"Onja, Bwana," alisema.

Kikohozi hakuelewa. "Ni yako. Zawadi."

"Njo nasema uonje. Mutu akinipa kitu, anaonja kwanza. Halafu anasema imetoka shamba gani."

Yule aliyekuwa akipiga ngoma uani aliacha. Kikohozi alitabasamu, akatazama wageni wake Wazungu waliokaa kwenye viti nyuma yake, akatabasamu tena. Mmoja wao alicheka.

"Mi nivute, halafu wewe uvute ileile?" aliuliza. "Mudomo moja, mi na wewe?"

"Ndiyo, Bwana. Na useme shamba."

Tabasamu likaisha. "Munyakazi, chukua ao acha."

Baba alisubiri. Mikono yake ilikuwa imenyooka, na sigari juu yake, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alikuwa mzee tayari. Nilitamani aishushe. Nilitamani pia asiishushe kamwe.

"Kwetu," alisema mwishoni, kwa upole kabisa, "kitu chenye mwenyewe anakataa kuonja, tunajua iko na sumu."

Akaiweka mezani, pete juu, karibu na glasi za wageni. Akavua lile koti jeupe alilovishwa tena siku hiyo, akalikunja vizuri, akaliweka kando yake. Akavaa kofia akashuka ngazi, hakugeuka. Kesho yake kapita alikuwa mwingine. Baba hakuvuta tumbaku tena, si ya kiko wala ya aina yoyote, na alipokufa tulimzika kule penye mawe, maana ombi la kumlaza karibu na mama yake lilirudishwa.

Mungependa niwaambie kwamba nami nilishuka ngazi nyuma yake. Sikushuka. Siku iliyofuata nyumbani tulikuwa kumi na mmoja na viazi vilikuwa vimekwisha, basi nilinawa mikono nikaenda kukaa kando ya Dancille. Nilikunja Kamaliza kwa miaka saba. Gundi mpya ililetwa, ikakauka kama ile ya kwanza, na hakuna aliyeuliza tunafunga na nini. Kila moja niliifunga kwa ulimi. Kila siku, kutoka asubuhi mpaka kengele ya jioni, nilikuwa naonja shamba letu, na kila moja niliyomaliza nilisema kimoyomoyo, hii imetoka kwa Kamaliza, kisha naiweka kwenye sanduku na kuchukua nyingine.